Mwalimu Mgeni ni Amana Yetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo tunazungumzia jambo ambalo aghalabu huachiwa wanasiasa, nalo ni madarasa yasiyo na walimu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na wenye silaha. Abiria waliodhaniwa si Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya kila msiba walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na mwaka huo wa 2020 Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha kwa wingi.

Serikali haikukaa bure. Ipo posho ya mazingira magumu, yapo mabweni ya watoto wa wafugaji, na mwaka 2018 Wizara ya Elimu iliamua kushusha alama za kujiunga na vyuo vya ualimu kwa vijana wa maeneo kame, ili wenyeji wafundishe kwao. Nia ni njema. Lakini mtoto aliyekosa mwalimu wa hisabati, akapata alama duni kwa sababu hiyo, kisha akapokewa chuoni kwa alama hizo hizo, atarudi kufundisha hisabati ipi? Hatuwabezi vijana hao; kosa si lao.

Swali gumu zaidi linatuelekea sisi. Wako wanaonong'ona, hata katika baraza za misikiti, kwamba kuondoka kwa walimu wasio Waislamu ni nafuu kwa dini. Hayo ni maneno ya asiyesoma sira. Baada ya vita vya Badr, baadhi ya mateka wa Kikureshi wasiokuwa na mali ya kujikomboa walifanywa walimu: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, kisha awe huru. Jana yake walishika panga dhidi ya Mtume (s.a.w.), naye akawakabidhi watoto wa Answari. Sisi tunamkataaje aliyekuja na chaki mkononi? Na Surat Tawba inaamrisha mshirikina aombaye hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Afikishwe, si aachwe njiani.

Hayo aliyatekeleza mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu. Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa huko Mandera, Waislamu walikataa kutengana na abiria wenzao Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Allah amrehemu.

Basi tunaziomba kamati za misikiti ya kaunti hizo: mwalimu mgeni akifika, imamu na wazee wamtembelee, wamtafutie nyumba katikati ya watu, si pembezoni. Duksi zetu hazikosi mwalimu hata malishoni, kwa kuwa jamii yenyewe humlisha na kuhama naye. Na misikiti ya Pwani na Nairobi, sehemu ya sadaka ya Ijumaa iwalipie vijana wa huko masomo ya ziada ya hisabati na sayansi kabla hawajaingia chuo cha ualimu. Kila msikiti uanze na msichana mmoja na mvulana mmoja.

Wabillahi tawfiq.