Ngege, kamongo na pumzi

Msikilizaji, mnunuzi wa samaki huko Mwihoko hufunua shavu la ngege kwanza: matamvua yakiwa mekundu, samaki hajalala. Wekundu huo ni damu. Ngege akiwa hai, damu hupita humo ikielekea kinyume na maji, ndiyo maana huchota oksijeni nyingi hata majini ilimo haba. Akitolewa nje, nyuzi za matamvua hugandamana, naye hufa ilhali hewa imemzunguka.

Kamongo, samaki mwingine wa Ziwa Victoria, ambaye ukoo wake una takriban miaka milioni 400, hutegemea mapafu. Kinasaba yuko karibu nasi kuliko na ngege. Mageuzi basi si ngazi: matamvua hutosha ziwani, mapafu huokoa kinamasini.