Njia Ipitayo Barua
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi juu ya elimu ya kuchungua kazi na kuitengeneza. Msidhani kuwa ni elimu ya wakubwa peke yao. Karani na tarishi ndio waijuao njia ya barua, kwa kuwa huipita kila siku.

Twaanza kwa kukiri kosa. Katika ofisi moja tuliyopata kutumikia, mjane wa tarishi mwenzetu alikuja kudai kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Alikuja mara tatu kwa miguu, na mara tatu tukamwambia, "Mama, subiri, jalada lako li njiani." Mara ya nne tuliona haya, tukalitafuta meza kwa meza. Tulilikuta juu ya meza yetu wenyewe, chini ya majalada mengine.

Ndipo tulipotwaa karatasi tukaandika kila mahali lilipopita. Hatua zilikuwa 14, na jina la marehemu limeandikwa katika madaftari 4. Katika siku 41, jalada lilifanyiwa kazi kwa muda usiofika saa 3. Muda mwingine wote lilikuwa limelala.

Jambo hili si geni duniani. Mmarekani Frank Gilbreth alianza kujifunza uashi mwaka 1885, akaona kila fundi ana namna yake ya kulaza tofali. Akayaweka matofali juu ya jukwaa ili fundi asiiname, akapunguza miendo kutoka 18 hadi 5. Mwaka 1921 yeye na mkewe Lillian waliwaonyesha wahandisi jinsi ya kuchora njia ya kazi hatua kwa hatua. Kadhalika huko Japani, Taiichi Ohno wa kiwanda cha Toyota aliwafundisha watu wake kuuliza "kwa nini" mara tano, wasiridhike na jibu la kwanza.

Nasi tukauliza. Kwa nini jalada lililala? Lilingoja hati ya miaka ya utumishi. Kwa nini hati haikuletwa? Karani wa hesabu hakujua kuwa yatakiwa. Kwa nini hakujua? Hakuna aliyemwambia. Kwa nini? Utaratibu haukuandikwa popote. Kwa nini haukuandikwa? Kila mmoja wetu alifundishwa meza yake tu, wala hapakuwa na mtu aliyeifuata njia yote toka mwanzo hata mwisho. Tungaliishia kwenye jibu la kwanza, tungalimlaumu karani wa hesabu, na mjane wa pili angalipata taabu ile ile.

Basi, ukiisha kuichora njia, iulize kila hatua: yafanywa nini, kwa nini, na nani, wapi, lini, na jinsi gani? Kisha tumia dawa nne kwa taratibu yake. Kwanza ondoa hatua isiyo na faida, pili unganisha zinazofanana, tatu panga upya zilizosalia, mwisho rahisisha. Usianze kwa kurahisisha, usije ukatengeneza vizuri kazi isiyopasa kufanywa kabisa. Tena chora kazi jinsi ilivyo, si jinsi kitabu cha amri kisemavyo. Walakini sahihi ya pili ilindayo fedha za watu usiiguse kwa haraka. Huo ni mlango, si kizuizi.

Wako watakaosema, "Hatua zikipungua, nasi tutapunguzwa." Hofu hiyo si ya kuchekwa. Yatupasa chama chetu kitake neno mapema kwa wakubwa, kwamba mkono uliopata nafasi upewe kazi nyingine, usitupwe nje. Lakini tusiufiche uzembe wa njia nyuma ya hofu yetu, maana mlipaji ni yule mama.

Wahenga walisema: kupotea njia ndiko kujua njia. Twaomba kila mwanachama aje mkutano ujao na njia ya barua moja tu aliyoifuata mwenyewe, imeandikwa karatasini.