Saa ya Kurudi

Leo twataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka milima ya Alpi katika nchi ya Uswisi, kisha tuwarudishe nyumbani salama.

Mwaka mmoja tulikuwa wageni wa Wakristo wa huko, sisi wanne wa ushirika mmoja. Ilikuwa Julai, majira yao ya joto, tukapewa siku moja ya kupumzika. Tukaamua kutembea kwa miguu njia itokayo Schynige Platte, ikapita kilele cha Faulhorn, ikateremka mpaka First, juu ya Grindelwald. Ni kama kilometa 16. Mkono wa kuume, njia inapotokea mahali pa wazi, waiona Eiger, Mönch na Jungfrau, milima mirefu yenye theluji hata wakati wa joto.

Tulipoambiwa kwamba Faulhorn una meta 2,681 tu, tulicheka. Mlima Kenya una meta 5,199! Na kule Kinangop watu wanapanda viazi na kabeji mahali pasipopungukiwa sana na urefu huo.

Mwenyeji wetu, mzee aliyezaliwa chini ya milima ile, hakucheka. Jioni alitandaza ramani mezani, akauliza, "Ni nani kati yenu aendaye polepole kuliko wote?" Sote tukamtazama Mama, mzee wetu wa kanisa, ambaye goti lake lilikuwa likimsumbua. Akasema, "Basi, mpango huu ni wake."

Akatufundisha. Vibao vya njia za Uswisi ni vya manjano, na mara nyingi havisemi kilometa bali muda wa kutembea. Lakini muda huo ni wa miguu tu. Haukuhesabu kupumzika, wala kula, wala kumngoja mwenzako. Safari yetu ilikuwa ya saa 6 hivi za kutembea, kwa hiyo tuhesabu siku nzima. Alama nyeupe na nyekundu juu ya mawe ni za njia ya mlimani, nasi tuzifuate. Nyeupe na buluu ni za njia ngumu zaidi, za watu waliozoea, hizo tuziache.

Akasema tena kwamba asubuhi ya Julai yaweza kuwa safi kabisa, na alasiri mawingu yakapanda, radi zikapiga. Juu ya mgongo wa mlima hakuna pa kujificha. Kwa hiyo tuondoke mapema. Kila upandapo meta 1,000 joto hupungua kama digrii 6, basi kila mtu achukue sweta, koti la mvua, maji ya kutosha, na viatu vyenye soli ya kushika mawe. Tukipatwa na shida, tupige simu 112. Pasipo simu, tutoe ishara mara 6 kwa dakika moja, kwa filimbi au kwa tochi, tunyamaze dakika moja, kisha turudie. Mtu akijibu mara 3, tujue tumesikika.

Mwisho akaandika juu ya karatasi: "Männdlenen, saa 6 mchana. Mkichelewa, rudini." Männdlenen ni nyumba ndogo ya wapita njia, katikati ya miamba, kabla ya kupanda kilele. Alijua kwamba jioni kule First kuna vibanda vya mwisho viteremkavyo kwa waya, na Schynige Platte kuna treni ya mwisho. Havimngojei mtu.

Kesho yake saa 3 asubuhi tulikuwa Schynige Platte. Kuna bustani ya maua ya milimani pale, nasi tukapotewa na saa nzima tukiyatazama. Halafu picha. Halafu ng'ombe wenye kengele shingoni. Tulifika Männdlenen saa 7.

Hapo ubishi ukaanza. Kijana wetu alisema, "Kilele kimebaki mwendo wa saa moja na kidogo! Tumetoka Kenya tuje turudi hapa?" Mama akasema, "Msirudi kwa ajili yangu, wanangu. Nitajikaza." Lakini chini ya meza mkono wake ulikuwa ukilisugua goti. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya Faulhorn. Tukaitoa ile karatasi, tukaisoma. Tukarudi, wala hakuna aliyesema neno.

Ndugu wasikilizaji, mvua haikunyesha. Saa 9 lile wingu likaondoka, kilele kikang'aa. Kijana akasema, "Mnaona sasa?" Nasi hatukuwa na la kumjibu.

Lakini kuteremka huumiza goti kuliko kupanda. Goti la Mama likavimba. Kijana akamwambia, "Mama, nipe mfuko wako." Baadaye akampa na bega lake. Njia tuliyoipita asubuhi kwa saa 3 ikatuchukua zaidi ya saa 4. Tulifika stesheni zikiwa zimebaki dakika chache treni ya mwisho iondoke. Ndani ya treni yule kijana akasema, "Kama tungeendelea..." Hakumaliza.

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anasema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi wengi twahesabu gharama ya kwenda. Ya kurudi hatuihesabu. Twakopa kwa ajili ya arusi, twaanza jengo la kanisa, twapanga kwa nguvu za mwenye nguvu. Na yule mjane wa kiti cha nyuma anasema, "Nitajikaza." Je, tumeutazama mkono wake chini ya meza?

Tena, saa ya kurudi iandikwe jioni, mezani, kichwa kikiwa kimetulia. Ukingoja kuiandika mlimani, macho yako yatakuwa yamekwisha kushikwa na kilele. Wala usingoje mvua inyeshe ndipo ujue ulifanya vema. Siku nyingine haitanyesha, na watu watakucheka. Lakini mwenzako atakuwa amefika nyumbani.

Tuombe. Ee Baba, utupe moyo wa kuhesabu kabla ya kuondoka, na unyenyekevu wa kurudi saa ikifika. Utufundishe kwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kati yetu. Amina.