KIWANJA CHA MPIRA KATIKATI YA MJI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Garsen)

Ndugu wafanyakazi,

Sisi hatupingi mpira. Vijana wa Garsen wataka kiwanja, nasi twakitaka. Ubishi ni juu ya mahali na masharti.

Wako wasemao kijengwe katikati ya mji. Ni vizuri, maana mtu akitoka kazini atafika kwa miguu. Lakini hapo ndipo mama auzapo samaki na kibarua angojapo lori. Wakiondolewa, wapewe kwanza mahali pengine. Tena tuukumbuke mto: Tana ulifurika 1961, 1997 na 2023. Ardhi isipoinuliwa na mifereji isipochimbwa, tutakuwa tumejenga bwawa.

Mwaka 2017 Kenya ilinyang'anywa mashindano ya CHAN ya 2018 kwa kuwa viwanja havikuwa tayari. Juu ya ahadi hapachezwi mpira.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi baraza likiitwa, twende sote tuulize mambo matatu: Gharama ni kiasi gani? Vibarua wataandikwa hapa hapa, na kwa mshahara gani? Nani atakitunza kiwanja baadaye? Tusipojibiwa, tusipige makofi.