Filamu Fupi Iwe na Dakika Ngapi?



Leo tunataka tuamue pamoja jambo moja: filamu tunayotayarisha juu ya mashamba iwe na dakika ngapi? Mtu anaweza kusema hiyo ni kazi ya mafundi wa kamera. Sisi tunaona ni kazi ya amani.

Kwanza, hakuna sheria moja ulimwenguni. Ndugu wawili Auguste na Louis Lumière walipoonyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio, huko Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila filamu haikufika hata dakika moja. Leo wanaotoa tuzo ya Oscar huko Marekani huita filamu fupi ile isiyozidi dakika 40. Kwa hiyo tusiulize mafundi tu. Tuulize: nani ataketi mbele ya kitambaa, saa ngapi, na atarudi kwake namna gani?

Pili, tuhesabu jioni yetu. Picha haionekani kabla ya giza. Tukianza saa 12:30 jioni, na tukitaka kila mama na mtoto awe amefika kwake saa 2:00 usiku, tuna dakika 90. Kukaribisha watu ni dakika 10, kurudi nyumbani ni 15. Zinabaki 65. Filamu ikichukua 50, mazungumzo yatapata 15 tu, na watakaosema ni wale waliozoea mikro. Filamu ikichukua 20, mazungumzo yatapata 45. Hapo hata mama aliyeketi nyuma atapata nafasi.

Tatu, kuna lugha. Tukisimamisha picha kila mara ili mkalimani arudie maneno, dakika 20 zitakuwa karibu 40. Na maandishi chini ya picha hayamsaidii asiyejua kusoma, wala aliyesimama mbali. Ndiyo sababu tutatia sauti ya Kiswahili ndani ya filamu yenyewe.

Nne, na hili ndilo kubwa. Katika filamu hii kuna mama aliyekimbia vita, akarudi na kukuta shamba lake linalimwa na mwingine. Kuna pia baba anayelilima, ambaye naye alikimbia kwao na akaonyeshwa shamba hilo na mkubwa wa kijiji. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini vijijini wengi wanashika shamba kwa neno la mwami au la chefu, bila karatasi. Kila mmoja anaona ana haki. Nanyi mnajua jambo hili si la mbali: mwanzoni mwa 2025 kambi kubwa za kando ya Goma zilivunjwa, na familia nyingi zililazimika kurudi vijijini au kutafuta pengine pa kukaa.

Sasa, kama mama atasema dakika 25, na baba aanze wakati watoto wanalia na mvua inakaribia, wengi wataondoka na neno la upande mmoja. Kesho yake neno hilo litatembea kambini peke yake, na linaweza kuwasha moto. Hiyo ndiyo hatari ya filamu ndefu. Filamu fupi mno nayo ina hatari yake. Dakika 3 zinatosha kuonyesha ugomvi, lakini hazitoshi kuonyesha namna watu walivyofikia kuketi pamoja. Video nyingi zinazopita katika simu zetu ni za namna hiyo: hasira bila mwisho wake.

Kwa hiyo tunapendekeza dakika 20. Kabla ya dakika ya 8, pande zote mbili ziwe zimesikika, kwa muda sawa. Kisha tuone wazee wakiwasikiliza wote wawili. Mwisho uwe swali, wala si hukumu, kusudi jibu litoke kwenu.

Ili tufike hapo, tutakata magari yetu, bendera zetu na hotuba za wageni. Hatutakata sauti ya upande wowote. Na kabla ya kuonyesha filamu hadharani, mama na baba wataiona kwanza, kila mmoja na familia yake. Wakisema, "Neno hili litatuletea shida," litatoka kwa pande zote kwa kipimo kimoja, hata kama filamu itabaki na dakika 17.

Tunaomba mtuambie mambo matatu: saa gani inafaa kwa usalama, lugha gani wazee wanaisikia vizuri, na nani ataongoza mazungumzo bila kuegemea upande.

Sasa mikro ni yenu.