Kilio Kisitiriwe, Uzembe Uanikwe

Juma hili naanza kwa kuungama.

Miaka mingi iliyopita, stashahada yangu ya uandishi wa habari ikiwa bado inanukia wino, nililetewa sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya mkononi. Nyumba ilikuwa imeshika moto usiku katika kijiji kimoja mlimani, juu ya mji wetu wa Moshi. Mama mwenye nyumba alikuwa akipiga simu kuomba msaada, huku akilia na kumtaja kwa jina mtoto aliyebaki ndani. Tulirusha sekunde ishirini za kilio kile katika taarifa ya habari ya jioni. Wenzangu walinipongeza.

Siku ya tatu alifika kituoni mzee mmoja, babu wa yule mtoto. Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alivua kofia, akaketi, akasema: "Mwanangu, sauti ya mkwe wangu imefika hadi kwenye vilabu vya mbege. Watu wanamwigiza. Hilo limeshatokea, halirudi. Nakuuliza jambo moja tu. Aliyepokea ile simu alimjibu nini? Na gari la zimamoto liliondoka saa ngapi? Mbona hayo hamkuyatangaza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijauliza.

Leo tunazo namba tunazohimizwa kuzikariri: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 115 ya M-mama, mpango wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga waliopatwa na dharura, ambao mwaka 2022 ulizinduliwa ili uenee nchi nzima. Tunazo pia sheria mbili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu taarifa kuzuiwa iwapo kuitoa ni kuingilia faragha ya mtu bila sababu ya msingi. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei mosi 2023. Hiyo inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Juu ya zote iko Katiba, ambayo ibara ya 16 inalinda faragha na ibara ya 18 inalinda haki ya kupewa habari.

Sasa basi, simu ya dharura iliyorekodiwa ni mali ya nani? Je, ni ya umma, kwa kuwa mpokeaji analipwa kwa kodi? Au ni ya yule anayelia?

Msijibu haraka. Wapo watakaosema, "Futeni jina, halafu itangazeni." Kwa mtu wa mjini pengine hilo latosha. Lakini nani asiyejua jinsi tunavyoelekeza njia huku Kibosho, Uru, Machame au Marangu? Nyumba zilizomo ndani ya migomba hazina namba. Mpigaji husema: panda hadi kanisani, vuka mfereji, uliza kwa ukoo fulani, kihamba cha pili upande wa chini. Kisha husema nani anaumwa na anaumwa nini. Futa jina mara kumi, kijiji kizima kitamtambua. Na akishaaibishwa huyo, jirani yake atasita kupiga simu siku ya mkewe kupatwa na uchungu. Kusita huko kunaweza kuua.

Upande wa pili nao una hatari yake. Tukisema kila kitu ni siri, tumempa mzembe blanketi la kujifunika. Gari likichelewa saa mbili, ukiuliza utaambiwa: "Samahani, hiyo ni faragha ya mgonjwa." Faragha ya mgonjwa, au ya dereva aliyekuwa amelala?

Wenzetu wa New York waliwahi kulipambanua jambo hili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, gazeti la New York Times pamoja na baadhi ya familia za marehemu walidai rekodi za simu za dharura za siku ile. Shauri lilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, ambayo mwaka 2005 ilitoa uamuzi wa kugawa sauti. Maneno ya waliokuwa wakiomba msaada yabaki siri, isipokuwa kwa ndugu zao waliotaka kuyasikia. Maneno ya wapokea simu, walio watumishi wa umma, yatolewe. Rekodi zilipotoka mwaka 2006, watu walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Upande huo ulitosha kuonyesha jinsi wapokea simu walivyowaambia watu wasubiri ndani, bila wao wenyewe kujua kwamba amri ya kuhama majengo ilikuwa imekwisha kutolewa.

Huo ndio mgawanyo aliokuwa akiuomba mzee wangu, miaka kabla sijausoma. Kilio ni cha mfiwa. Saa simu ilipopokewa, jibu lililotolewa, saa gari lilipoondoka na saa lilipofika, hayo ni yetu sote. Ofisi za umma ziyatoe bila kusukumwa. Familia ikitaka rekodi nzima, ipewe. Nasi waandishi tujifunze kudai saa na majibu badala ya kuwinda machozi. Nawe msikilizaji, ukitumiwa kilio cha mtu kwenye simu yako, kifie hapo hapo.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mpokea simu ya dharura ni mwosha wetu: anatuona tukiwa uchi, naye hana budi kutusitiri. Lakini hata mwosha huulizwa kama aliosha vizuri.

Yule mama sikuwahi kumwomba radhi. Babu aliniambia nisiende, nitatonesha kidonda. Basi namwomba leo, bila kumtaja jina. Na wote tukumbuke kwamba mwosha naye huoshwa.

Kwaherini, hadi juma lijalo.