Njia za Panya na Kosa la Kueneza Maradhi
(Mazungumzo na wakazi wa mpaka wa Mpondwe)



Wengi wenu mnaikumbuka Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 alivuka kutoka Congo pamoja na jamaa zake kwa njia ya panya. Walitoka msibani kwa babu yake, aliyefariki kwa Ebola. Mtoto yule alifia Bwera. Bibi yake na mdogo wake wakamfuata baada ya siku chache.

Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda inasema kwamba mtu atendaye jambo, kinyume cha sheria au kwa uzembe, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba laweza kueneza ugonjwa wa hatari kwa maisha, ametenda kosa. Adhabu yaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Haihitajiki kwamba mtu mwingine awe ameambukizwa. Yatosha kwamba tendo lenyewe lilielekea kueneza maradhi.

Hapa tungependa mtuelewe vyema, maana jambo hili hupotoshwa. Kuugua si kosa. Wala mama anayempeleka mwanawe hospitali hana hatia kwa kuwa mtoto amekutwa na Ebola. Tunayemtafuta ni yule aliyeambiwa kwamba abiria wake ana homa na anatapika, naye akapokea nauli maradufu ili amvushe mto Lubiriha mbali na wapimaji. Akija kutuambia hakujua, tutamuuliza: nauli ile ya ziada ilikuwa ya nini?

Tunakiri kwamba sare zetu nazo huwatia watu hofu, na mgonjwa mwenye hofu hujificha. Hilo ni letu kulirekebisha, si lenu.

Tunajua pia kwamba mto huu haukugawanya koo. Mkonzo wa hapa ana shangazi na wajomba Kasindi na Beni, na kuzika ni wajibu. Nendeni mkazike, lakini pitieni kituoni mkapimwe joto. Aliyegusa mgonjwa au maiti awaeleze wahudumu wa afya, hata akijiona mzima, kwani dalili zaweza kuchelewa hadi siku 21.

Sasa tutapokea maswali, tukianza na waendesha bodaboda.